Banda la Kuku Lisiloingiwa

Jumatatu, 5 Mei

Brightness ameondoka asubuhi na basi la Moshi. Mama yake ameteleza bafuni kule Machame, nyonga imeteguka, anakwenda kumuuguza. Nimembebea begi mpaka stendi, nimemwombea safari njema, nimepunga mkono mpaka basi limepotea. Mume mzuri. Kisha nimerudi nyumbani Magomeni, nikafungua mlango wa uani, nikaliona banda. Nikaufunga mlango tena.

Banda ni lake. Amelijenga kwa hela za kikoba. Mbao mpya, wavu mpya, bati jipya. Bado ni tupu. Alhamisi wanaletwa kuku wa mayai, mitetea waliokaribia kutaga. Ameniachia maagizo akiwa tayari kwenye siti: ninunue tandiko la kumwaga chini, vyombo vya chakula na vyombo vya maji, nipange kila kitu ndani kabla hawajafika. Nikikwama nimuulize jirani yetu Ghanim.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi kabisa.

Asichokijua Brightness, miaka yote hii ya ndoa, ni kwamba naogopa kuku. Si kidogo. Wa kwenye sahani hatuna ugomvi. Wa kutembea ndiye. Anavyokutazama kwa jicho moja la pembeni kama mtu aliyekwisha kuamua. Anavyoruka bila taarifa. Yale makucha. Nikiwa mdogo, kuku mwenye vifaranga alinipanda mgongoni, nikakimbia naye mpaka shamba la watu wengine. Sasa mimi ni baba mzima, Baba Anaeli, nina duka la zipu na vifungo Kariakoo, ni mzee wa kanisa. Kitu kama hiki utamwambia nani?

Mchana nimekaa kibarazani nikafikiri. Mtu anaingia bandani kwa sababu tatu: kulisha, kunywesha, kusafisha. Nikipata vyombo vinavyojazwa kutoka nje, na tandiko lisilohitaji kusafishwa, hakuna haja ya mtu kuingia. Milele.

Mpango umekaa vizuri.

Jumanne, 6 Mei

Duka nimemwachia Mektilda, msaidizi wangu, nikaenda kutafuta vyombo kwenye maduka ya pembejeo za mifugo, nyuma ya soko. Njiani, balaa. Baiskeli inakuja, kuku hai wamefungwa miguu, wananing'inia vichwa chini kila upande wa usukani. Wote wananitazama. Nimejitupa kwenye duka la karibu. Kumbe la magauni ya harusi. Muuzaji akauliza bibi harusi ana mwili gani. Nikashindwa kusema nimeingia kwa sababu ya kuku. Nikasema wa kiasi. Nimeoneshwa magauni mpaka jasho limekauka. Nimetoka na ahadi ya kumleta bibi harusi Jumamosi.

Duka la pembejeo ni la dada mmoja anaitwa Sitara. Mpole, lakini macho yake yanakusoma. Akanionesha vyombo vya chakula vya plastiki vyekundu, vya kuning'iniza kwa kamba. Akaeleza vikae usawa wa mgongo wa kuku, wasimwage chakula. Nikauliza vinajazwaje. Akasema unaingia unajaza. Akanionesha kihori kirefu cha bati. Nacho unaingia unajaza. Cha maji, chenye umbo la kengele. Unaingia, unakitoa, unakiosha, unajaza.

Nikamuuliza kama hana cha kujazwa na mtu aliyesimama mbali.

"Mbali kiasi gani, kaka?"

Nikamwonesha barabarani.

"Kuku wako wana nini?"

"Wakali."

"Kuku wa mayai?"

"Hawa ni wakali."

Akapekua rafu ya nyuma. Kisha akatoa nipo, vijidude vya chuma vinavyofungwa kwenye bomba. Ndoo inakaa nje, bomba linapita ndani, kuku akidonoa kijidude maji yanadondoka. Nusura nimkumbatie. Akasema nifunge kwa utepe wa mafundi bomba ili zisivuje, na kuku wasiozoea lazima wafundishwe: unamshika mmoja, unagusisha mdomo wake kwenye nipo, wenzake wataiga.

Hiyo sehemu ya mwisho sikuisikia vizuri. Palikuwa na kelele.

Vyombo vyekundu nimeviacha, nimechukua nipo na kihori. Nimevuka mtaa, nimenunua bomba nene la maji machafu na viwiko vyake. Ubunifu wangu mwenyewe. Bomba linaingia bandani kwa mshazari, mimi namimina chakula juu nikiwa nje, kinatokea chini kwenye kihori. Hakuna mtu aliyewahi kufikiria.

Jumatano, 7 Mei

Bomba, kihori na nipo nimevifunga asubuhi, banda likiwa tupu. Imebaki tandiko. Nimemuuliza Ghanim, kwa shingo upande.

Ghanim ana duka la mchele na viungo, nyumba yake imepakana na yangu, ukuta wa uani ni mmoja. Anafuga miaka mingi. Anaingia bandani na singlendi na kandambili, kuku wanampanda mabegani, yeye anaendelea kuongea na simu. Kila nikimwona hivyo nageuza uso. Kingine kinachoniudhi, Brightness humtaja kila mara. Ghanim hivi, Ghanim vile.

Huniita Mangi, kama Wachaga wote. Akasema, "Mangi, chukua maranda. Yale makubwa ya randa, makavu. Kina cha kiganja hivi. Unageuza kwa reki kila baada ya siku chache, palipolowa unatoa. Tandiko likilowa, kuku wanahara damu. Vumbi la msumeno usiweke, watalila na litawaziba pumzi."

Nikamuuliza kama kuna tandiko lisilogeuzwa. Akacheka. Akasema labda zulia.

Kugeuza ni kuingia. Kwa hiyo maranda hapana. Nimefikiri kwa akili yangu. Kama kina cha kiganja kinachafuka kwa wiki, kina cha magoti kitakaa mwaka mzima. Lakini nani atanipa maranda ya kufika magotini? Nikaenda kwa seremala wa mtaa wa pili. Maranda amemwahidi mtu. Vumbi la msumeno analo mlima, akasema nichukue lote, nitakuwa nimemsaidia.

Ghanim ameonya, najua. Ila Ghanim hapendi mwenzake afanikiwe.

Guta limeleta magunia mchana kutwa. Nimemwaga mpaka limefika magotini, laini, linanukia mninga. Nimetoka, nimevuta mlango. Baadaye nimejaribu kuufungua tena. Haufunguki. Unafungukia ndani, na vumbi limeporomoka nyuma yake. Nimesukuma kwa bega, wapi.

Nimesimama nikitafakari. Mwanzo nilistuka. Kisha moyo ukatulia kuliko siku zote za wiki hii. Mlango usiofunguka, nani atakuambia uingie?

Alhamisi, 8 Mei

Wamekuja.

Uwesu, kijana wa shamba wanakokuzwa mitetea, ameleta matenga kwenye bajaji. Nimeyasikia kabla sijayaona. Akasema, "Mzee, nikupe mmoja mmoja uingize." Nikashika kiuno. Nikasema mgongo umenikamata tangu asubuhi. Akauliza mlango mbona haufunguki. Nikasema ndiyo mtindo wa sasa.

Ikabidi bati moja lifunguliwe kwa juu. Ghanim akasikia kelele, akaruka ukuta, akawa anapokea kuku kwa Uwesu na kuwashusha ndani kama anapanga mikate. Mimi nilikuwa jikoni nimefunga mlango, nachungulia dirishani, nikitoa maelekezo.

Alipomaliza, Ghanim alitazama ndani. Akasema, "Mangi, hilo ni vumbi." Nikamjibu kuna utaalamu mpya. Akafuta mikono, akasema sawa, ila nimwangalie kuku mmoja mmoja kesho, akaenda kuswali.

Nimemimina chakula kwenye bomba langu. Nimesikia kinateremka shaa mpaka chini. Muziki. Ndoo ya maji imejaa. Nipo zinadondosha kidogo, utepe nilisahau kununua. Si mbaya, tone tone.

Brightness amepiga. Nimemwambia wamefika salama na wamenizoea.

Jumamosi, 10 Mei

Nitaandika yote.

Jana mvua ilipiga kutwa, Jangwani, njia ya kurudi Magomeni, hapapitiki, nimeshinda njaa dukani na kurudi usiku. Sikuwaangalia kuku. Sitasingizia mvua. Nilifurahi kupata sababu.

Leo asubuhi uani kimya. Kuku wakipiga kelele naogopa. Kuku wakinyamaza, nimegundua leo, naogopa zaidi. Nimesogea taratibu. Nikasikia kikohozi. Sikujua kuku anakohoa. Anakohoa kama mzee mvuta sigara. Kila mmoja akipiga hatua, vumbi linapanda. Chini ya nipo vumbi limelowa, limevimba kama uji. Wengine wamelidonoa. Maji hawajanywa, nipo wanazitazama tu. Nikamimina chakula, hakikuteremka. Kimelowa mvua kwenye kiwiko kikaganda. Nimepiga bomba kwa fimbo. Wakageuka wote kwa pamoja, jicho moja moja.

Hapo ndipo simu ikaita. Brightness, kwa video. Amefurahi, mama yake ameanza kukaa. Anataka kuwaona kuku wake. Nikamwonesha kwa mbali. Akasema haoni kitu, niingie ndani nimwoneshe vizuri.

Nikamwambia asubiri. Nimefunga simu kwenye mti wa fagio kwa lastiki ya dukani, nimeupenyeza juu ya wavu. Brightness akawa anasema, "Oo, wazuri, sogeza kidogo." Nikasogeza. Mmoja akaidonoa simu. Nikauachia mti. Simu imezama kwenye vumbi, ndani, kwenye banda lisilo na mlango. Sauti ya Brightness inatoka chini: "Baba Anaeli? Baba Anaeli, mbona giza?" Kuku wakaanza kuidonoa sauti. Mimi nikaanza kusali Baba Yetu kwa nguvu.

Ghanim akaruka ukuta, mkewe Azza akapitia mlangoni. Ghanim alijaribu mlango, akautazama, akachukua koleo akakata wavu ubavuni. Vumbi likamwagika. Na kuku nao wakamwagika.

Sikumbuki nilivyopanda. Nakumbuka niko juu ya mnara wa tenki la maji, nimelikumbatia tenki, na uani chini wamejaa.

"Mangi," akasema Ghanim, "unafanya nini huko?"

"Naangalia maji."

Azza alikuwa ameokota simu, anaipangusa kwa kanga. Brightness bado yuko hewani. Nilimsikia akiuliza, "Da Azza, mume wangu yuko wapi?"

Azza akanitazama juu. "Yuko kwenye tenki."

"Anafanya nini?"

"Anasali."

Wamewahamishia kuku kwao, wawili wawili. Mmoja alikuwa amekufa kwenye kona, amefunikwa na vumbi, hata sikuwa nimemwona. Ghanim alimtoa akamweka kwenye mfuko taratibu, akaufunga. Afadhali angenitukana.

Jioni tumekomba vumbi lote, mimi na yeye, mabeleshi mawili, kisha tukashona wavu. Ameleta maranda kutoka stoo yake na vyombo vyake vya akiba, vyekundu, vya kuning'iniza, na vya maji vya kengele. Nimevining'iniza mwenyewe, usawa wa mgongo wa kuku. Banda likiwa tupu mimi ni hodari kabisa.

Jumapili, 11 Mei

Ghanim amewarudisha kuku alfajiri. Wamekunywa maji mpaka nikaona huruma. Kisha yeye na Azza wakaondoka kwenda harusini Tanga.

Wamemwacha mmoja jikoni kwangu, kwenye boksi. Amelegea, shingo haimkai. Ghanim alisema huyu hajanywa tangu afike, apewe maji ya glukosi kwa bomba la sindano, kidogo kidogo, kila mara, la sivyo jioni hatutakuwa naye. Akanipa bomba mkononi akanitazama. Nikasema hamna shida.

Nimempigia Uwesu, simu imezimwa. Nimempigia Sitara wa dukani, namba iko kwenye mfuko wa zile nipo. Akanieleza namna ya kumshika: mabawa yabanwe kwa taulo, kichwa kiinuliwe, tone moja pembeni mwa mdomo, usimwage asije akapaliwa. Nikamuuliza kama yeye hutoa huduma majumbani. Akasema kaka, huyo kuku anaweza kufa wakati tunaongea.

Nikatoka nje kwa Fikirini wa bodaboda. Aje anishikie tu. Akasema ana abiria wa Posta anamsubiri. Nikamwambia basi aniazime helmeti. Akauliza naenda wapi.

"Jikoni."

Akanipa.

Helmeti, koti la mvua, glavu za Brightness za kutolea sufuria kwenye moto. Nimesimama mbele ya lile boksi muda mrefu. Ndani ya helmeti napumua kama treni. Kioo kimeingia ukungu, simwoni kuku, afadhali. Kisha nikawaza, nisipomwona, nani atampa maji? Nikainua kioo.

Hakuruka. Hakuwa na nguvu ya kuruka. Nimemfunga taulo, nimemweka mapajani. Glavu ni nene, bomba la sindano linaponyoka, ikabidi nizivue. Mwepesi mno. Nilidhani kuku ni mzito. Moyo wake unakimbia chini ya vidole vyangu, haraka kuliko wangu, na wangu ulikuwa haraka. Jicho lile la pembeni likanitazama, nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye jicho la kuku. Naye anaogopa. Ananiogopa mimi, na helmeti yangu.

Nikaivua.

Tone. Akameza. Tone. Akameza. Ibada ya pili imenipita, kengele nimeisikia nikiwa nimekaa sakafuni. Kufika alasiri alinyanyua shingo. Kufika magharibi alinidonoa kidole, nikapiga kelele, akapiga kelele, akasimama mwenyewe.

Sijawaambia watu wa kanisani kwa nini sikwenda.

Jumanne, 13 Mei

Brightness amerudi, amemwachia dada yake zamu. Hakukaa. Amepitiliza uani na nguo za safari, amefungua mlango wa banda, Ghanim ameugeuza sasa unafungukia nje, ameingia, amechuchumaa, ameshika maranda akayanusa, ameinua chombo cha maji akakitazama chini. Amehesabu kuku. Akahesabu tena. Nikamwambia mmoja amekufa.

Akatoka. Akaniuliza kama ni kweli naogopa kuku.

Nikasema kidogo.

Akaniuliza kama ni kweli nilimlisha yule mgonjwa nimevaa helmeti. Fikirini hana siri. Nikasema mwanzoni tu. Brightness akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Nikadhani yameisha. Kisha akaacha kucheka.

"Baba Anaeli, ungeniambia ningemlipa mtu. Ningemwomba Azza. Uoga wako haukuwa na shida. Kuku wangu amekufa kwa sababu uliona haya."

Vumbi la msumeno bado liko kwenye nyufa za sakafu ya uani, nimelitazama hilo.

Tumekubaliana. Yeye ataingia bandani. Mimi nitaleta chakula na maranda kutoka mjini, na nitamfungulia mlango. Na kitu nikikiogopa, nitasema pale pale, kwa mdomo wangu, mbele ya yeyote. Nimeapa. Nimelala mchana usingizi mzito, mtu mpya.

Ijumaa, 16 Mei

Ghanim na Azza wamekuja baada ya swala kutuaga. Wamejaliwa safari ya Umra. Tumewaandalia chai, tumewapongeza. Kuku wao wataangaliwa na Brightness, hilo lilishapangwa na wanawake.

Kumbe kuna na bata bukini. Shemeji yake Ghanim anahama nyumba, amewaleta jana. Wanakaa uani kwa Ghanim, upande wa stoo, sijapata kuwaona. Ghanim akasema hao watakwenda kwa Uwesu, ameshaongea naye. Akaongeza, kwa upole, bila kejeli hata chembe, "Hawa si wa kukupa wewe, Mangi. Bukini ni wakorofi."

Kwa upole. Mbele ya mke wangu. Mbele ya Azza, aliyeniona kwenye tenki.

Nikaweka kikombe chini. Nikasikia mtu anasema kule Machame tulikuwa nao, bukini, kundi zima, na kazi ya kuwachunga ilikuwa yangu. Sauti ilikuwa nzito, yenye uzoefu. Ilikuwa yangu. Brightness akageuka kunitazama. Yeye ni mzaliwa wa Machame, nyumba ya pili kutoka kwetu.

Ghanim akauliza kama nina hakika. Nikasema awalete tu.

Wanaletwa kesho baada ya chai. Nimempigia Sitara kwa siri, nimemuuliza kama bukini wanaruka kama kuku. Amesema hapana, hawaruki sana.

Nikashusha pumzi.

Amesema wao wanauma.